Mwenye Unga Akianza Kupika Chapati: Nvidia, 3dfx na Kampuni Zinazounda Kadi

Kuna wasee wa timu kijani na kuna wasee wa timu nyekundu, na tangu nianze kuongelea kompyuta za gemu hawajawahi kunyamaza. Nvidia hii, AMD ile, nani ako na fremu mob, kadi ya nani inaweza chemsha chai. Sawa, piganeni. Lakini kuna vita ingine imekuwa ikiendelea zaidi ya miaka 25, na hiyo ndio huamua utalipa doh ngapi na nani atakushughulikia kadi ikikufia. Hiyo vita iko ndani ya boksi lenyewe.

Ebu chukua boksi la kadi yoyote ya grafiki. Jina kubwa mbele ni ASUS, au MSI, au Gigabyte, Zotac, Palit. Halafu kando kuna utepe wa kijani umeandikwa GeForce. Hayo ni majina ya watu wawili tofauti. Nvidia huchora chipu, na hata hiyo chipu hawaitengenezi wenyewe. Hutengenezewa na TSMC kule Taiwan, au Samsung kama ilivyokuwa kwa RTX 30. Kisha wanaiuzia kampuni ya kuunda kadi, mara nyingi pamoja na memori yake. Hiyo kampuni ndio inachora bodi, inapanga umeme utapita wapi, inaweka feni na mabomba ya kutoa joto, inanunua boksi, inasafirisha, inatangaza, na inabeba waranti. Nvidia huwaita hawa watu "washirika". Weka hilo neno kando, tutalirudia.

Sasa fikiria umefungua kibanda cha chapati mtaani. Unga unanunua kwa mtu mmoja tu, juu unga wake ndio watu wanataka na hakuna mwingine anao. Yeye ndiye anaamua utaupata kwa ngapi. Anakuambia pia chapati yako isipite bei fulani. Halafu asubuhi moja unaamka, unapata amefungua kibanda chake pale kando yako. Yeye unga ananunua kwa nani? Kwa yeye mwenyewe.

Mtu wa kwanza kujaribu hiyo kitu kwa nguvu zote hakuwa Nvidia. Na ilimmaliza.

Turudi 1996. Kama hukuwa umezaliwa, jina 3dfx pengine umelisikia tu kwa wazee wa gemu. Ilikuwa kampuni ya San Jose, California, iliyoanzishwa 1994, na chipu yao ya kwanza, Voodoo Graphics, ilikuwa inafanya kazi moja pekee: picha za 3D. Haingeweza hata kukuonyesha skrini ya kawaida ya Windows. Ilibidi uwe na kadi ingine ya kawaida, halafu uunganishe hizo mbili na waya nyuma ya kompyuta. Na bado watu walinunua, maze, juu ukifungua Quake na hiyo kitu ndani, tofauti ilikuwa kama kutoka redio kuingia sinema.

Lakini 3dfx hawakuwa wanauza kadi. Waliuza chipu kwa kampuni kama Diamond, Orchid na Creative. Diamond wakaita yao Monster 3D. Orchid wakaita yao Righteous 3D, na hiyo ilikuwa na swichi ndani ambayo ungeisikia ikilia "klik" kila ukiingia gemu. Napenda sana hiyo. Chipu ni ile ile, lakini kila kampuni ilileta jina lake, ujanja wake, watu wake wa mauzo na njia zake za kuingia madukani. Kampuni changa ikafika kila mahali kwa miguu ya wengine. Voodoo2 ikafuata 1998, na hapo 3dfx walikuwa wafalme, hakuna ubishi.

Mfalme huyo akaanza kuhesabu. Creative anatengeneza ngapi kwa kila kadi? Diamond je? Kwani hiyo faida si yetu? Disemba 1998 wakatangaza wananunua STB Systems, kampuni ya Texas yenye kiwanda cha kadi huko Ciudad Juárez, Mexico, kwa hisa za karibu dola milioni 141. Kuanzia Voodoo3, kadi zingeundwa na 3dfx wenyewe na kuuzwa kwa jina la 3dfx peke yake. Mwenye unga ameingia jikoni.

Utamu zaidi ni kwamba STB alikuwa mmoja wa wateja wakubwa wa Nvidia. Kadi yake ya Velocity 128 ilikuwa na chipu ya Nvidia ya Riva 128. Kwa hivyo kwa karatasi ilionekana 3dfx wamepata kiwanda na papo hapo wamemnyang'anya adui mteja. Ungekuwa kwa hicho kikao pengine pia wewe ungepiga makofi.

Sasa hama, fikiria uko Creative. Jana ulikuwa unauza Voodoo kama njugu. Leo unaambiwa pole, kuanzia hapa tunauza wenyewe. Bado una wafanyakazi wa kulipa, una nafasi yako kwa maduka, una wateja wanakujua. Utakaa tu? Utatafuta chipu kwingine. Na hapo mlangoni alikuwa amesimama Nvidia, kampuni ya Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, iliyoanza 1993 na ikakaribia kuzama baada ya chipu yake ya kwanza kukataliwa na soko. Riva TNT2 ilipotoka 1999, ilikuwa kwa boksi za Creative, za Diamond, za ASUS, za Hercules. Kila mmoja akiitangaza kwa doh yake. Kila mmoja akipunguza bei ashinde mwenzake. Nvidia alikuwa anapiganiwa vita na jeshi ambalo hakulilipa mshahara, na sehemu ya hilo jeshi alikuwa amezawadiwa na 3dfx.

Nisidanganye mtu hapa. STB haikuua 3dfx peke yake. Tayari 1997 walikuwa wamepoteza dili ya Sega ya Dreamcast. Voodoo3 haikuweza kuchora 3D kwa rangi za biti 32 wakati TNT2 iliweza. Chipu zao zilizofuata zilichelewa, na Nvidia akaleta GeForce 256 Oktoba 1999 kabla wao hawajajipanga. Voodoo5 5500 ikaingia sokoni 2000 ikiwa imechoka kabla ya mbio. Lakini kampuni yenye mshirika kila kona inaweza kuvumilia chipu moja kuchelewa, juu kadi zake za zamani bado zinauzwa na wengine na hasara inagawanywa. Ukiwa peke yako na kiwanda cha kulisha Mexico, kuchelewa ni kifo. Disemba 2000 Nvidia wakakubaliana kununua mali ya 3dfx kwa dola milioni 70 taslimu, na hisa zaidi juu. 2002 kilichobaki cha 3dfx kikaomba kufilisika mahakamani.

Wakanada wa ATI waliona hiyo movie. Miaka yote walikuwa wanaunda kadi zao wenyewe, na ni baada ya hapo, karibu 2001, ndio wakaanza kuuzia wengine chipu. Hiyo ATI ndio AMD alikuja kuinunua 2006, na ndio sababu leo unaona Radeon imeandikwa Sapphire au PowerColor.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kwa mnunuzi. Kampuni nyingi, chipu ile ile, sasa watashindana kwa nini? Kwa kukubembeleza wewe. BFG wakatoa waranti ya maisha. XFX wakasema hiyo ni ndogo, sisi tunatoa ya maisha mara mbili, yaani hata ukiuza kadi, aliyeinunua kwako bado amefunikwa. EVGA, kampuni ya California iliyoanzishwa 1999, wakawa na mpango wa kukuruhusu kurudisha kadi uliyonunua juzi, uongeze tofauti, upewe kubwa zaidi. Hakuna kati ya hizo kitu kilitoka kwa Nvidia. Zilitoka kwa watu wenye faida ndogo waliokuwa wanatafuta sababu ya wewe kuwachagua.

Na waranti ya maisha ni ya maisha ya nani? BFG waliacha kadi za grafiki Mei 2010, na miezi michache baadaye kampuni ikafungwa. Ukiwa na karatasi yako ya waranti ya maisha, ilibaki karatasi. XFX wao walihamia kwa AMD miaka hiyo hiyo.

2016 ndio Nvidia aliingia jikoni, lakini yeye aliingia na mguu mmoja. Zamani kulikuwa na kadi ya mfano ambayo Nvidia alichora na washirika wakabandika stika zao. Ikifika GTX 1080, Mei 2016, hiyo kadi ikapewa jina la heshima, Founders Edition, na Nvidia mwenyewe akawa anaiuza. Bei? Dola 699, wakati bei iliyotangazwa ya kadi za washirika ilikuwa kuanzia 599. Hapo washirika hawakulia sana. Mwenye unga anauza chapati ghali kuliko yako, si hiyo ni bahati? 2018 mambo yakabaki hivyo hivyo, Founders Edition ikiwa ya juu.

2020 ikageuka. RTX 3080, Septemba, dola 699. Na mara hii Founders Edition ilikuwa kwa hiyo bei ya 699 yenyewe, na kipoza joto chenye feni moja inayopuliza hewa ikapita hadi upande wa pili wa kadi, kitu cha bei sana kutengeneza. Mshirika hawezi kulingana na hiyo. Yeye chipu ananunua na faida ya Nvidia tayari iko ndani. Katika mwaka wa fedha ulioisha Januari 2022, Nvidia kwa kila dola 100 ya mauzo ilibaki na kama 65 baada ya gharama ya bidhaa. Washirika walikuwa wanapigania mabaki.

Katikati hapo 2018 kulikuwa na ile mambo ya GeForce Partner Program, nitapita haraka. Machi, mwandishi Kyle Bennett wa HardOCP aliandika kwamba Nvidia anataka washirika waweke brandi zao za gemu upande wa GeForce peke yake. Aprili ASUS wakaibuka na jina jipya, Arez, la kuwekea Radeon, mbali na ROG yao maarufu. Watu wakapiga kelele, na Mei 4 Nvidia akafuta mpango akisema umeeleweka vibaya. Mshirika ambaye anaweza kukuambia uondoe jina lako ulilojenga kwa kadi ya mpinzani wake. Hilo ndilo neno nilisema uweke kando.

EVGA sasa. Septemba 16, 2022, siku moja tu baada ya Ethereum kubadilisha mfumo na kuacha kabisa kuchimbwa kwa kadi za grafiki, video mbili zikatoka, moja ya Gamers Nexus na ingine ya JayzTwoCents. Bosi wa EVGA, Andrew Han, alikuwa amewaita wote wawili akawaambia: tumetoka. Hawataunda RTX 40. Hawaendi AMD, hawaendi Intel. Wanaacha kadi za grafiki kabisa. Na hii si kakampuni ka kona. Ndio walikuwa jina kubwa la Nvidia Amerika Kaskazini, na kadi zilikuwa zinaleta karibu asilimia 80 ya mapato yao. Sampuli za 4090 tayari walikuwa wameziunda, na hazikuwahi kuuzwa.

Nani hukata asilimia 80 ya mapato yake kwa hiari? Sikiliza sababu walizotoa. Walisema walikuwa hawajui bei ya kadi hadi Jensen asimame jukwaani aitangaze, yaani wanajua pamoja na wewe uliye kwa sofa. Walisema wanawekewa kikomo cha bei, kwa hivyo hata wakitaka kuunda kadi ya ajabu ya watu wenye doh, hawawezi kuiuza kwa thamani yake. Na walisema wanashindana na mtu anayewauzia. Mfano ni 3090 Ti. Ilitoka Machi 2022 kwa dola 1,999. Kufikia Septemba, Founders Edition ilikuwa Best Buy kwa 1,099. EVGA walikuwa na stoo imejaa kadi ambazo chipu zake walizinunua kwa bei ya zamani, na kuna kadi walikuwa wanauza kwa hasara ya mamia ya dola. Wakati huo huo pawa saplai zao, vile visanduku vya umeme ambavyo hakuna mtu hupiga picha, zilikuwa zinawapa faida mara kadhaa zaidi ya kadi.

Lakini neno lililorudi sana kwa hizo video ni heshima. Na mimi hapo naelewa kabisa. Nimeacha kampasi, nakula kwa video, na najua vile mwenye jukwaa anaweza kubadilisha malipo usiku na wewe ukajua asubuhi, kwa tangazo lile lile kila mtu ameona. Doh inauma, lakini kujua kwamba hukuwa hata kwa orodha ya watu wa kuambiwa inauma kivyake.

Nvidia alijibu kwa upole, akawashukuru EVGA na kuwatakia mema. Siku nne baadaye Jensen akasimama jukwaani. Kati ya kadi alizotangaza kulikuwa na RTX 4080 ya GB 12, dola 899, na hiyo haikuwa na Founders Edition. Ilikuwa ya washirika peke yao. Watu wakalalamika kwamba jina linadanganya, juu chipu yake ilikuwa ndogo kuliko ya 4080 ile ingine. Oktoba 14 Nvidia akaifuta. Wakati huo washirika walikuwa tayari na kadi zimeundwa na boksi zimechapishwa. Januari 2023 kadi ile ile ikarudi kama RTX 4070 Ti, dola 799. Kama EVGA walikuwa wanahitaji mtu awatetee, Nvidia mwenyewe alifanya hiyo kazi ndani ya mwezi mmoja.

Kuna upande wa pili, na sitaukwepa. Washirika si malaika. Mwanzo wa 2021, wakati kadi hazipatikani na kila mtu anachimba krypto, ASUS na EVGA walipandisha bei baada ya ushuru wa Marekani, na nani angewazuia? Mwaka huo huo gemu ya New World ilichoma 3090 kadhaa za EVGA, na EVGA wakakiri ni kasoro ya kulehemu upande wao, wakabadilisha. Na Founders Edition kwa mnunuzi ni kitu kizuri, bana. Ni kadi imara kwa bei iliyotangazwa, bila taa za disko na bila kulipia stika ya joka. Mtu akiniambia Nvidia anaua washirika, nami najiuliza, kwani mimi nililazimishwa kulipa dola 100 zaidi kwa feni ya tatu?

Ila angalia vile yule mwenye unga alijifunza kutoka kaburi la 3dfx. Hakununua kiwanda cha kadi. Hakufukuza mtu. Ameacha vibanda vyote vikiwa wazi, vimebeba stoo, vimebeba waranti, vimebeba matusi ya wateja, na yeye anapika chapati chache tu, za kutosha kuonyesha mtaa bei inafaa kuwa gani. Asipotaka hiyo presha, haweki Founders Edition kabisa, kama alivyofanya na RTX 5070 Ti mwaka 2025. Hapo bei ya 749 inabaki ahadi yake kwa jukwaa, lakini kuitimiza ni kazi ya mwingine.

Na sasa hana hata sababu ya kubembeleza mtu. Mwaka wa fedha ulioisha Januari 2025 Nvidia waliingiza dola bilioni 130.5. Bilioni 115.2 ni vituo vya data, hizi mambo zote za AI. Gemu ilikuwa bilioni 11.35. ASUS na Gigabyte nao wanauza seva za AI zenye chipu za Nvidia, kwa hivyo ukigombana naye juu ya kadi ya gemu, unagombana naye pia kwa ile meza ingine yenye nyama. EVGA hawakuwa na hiyo meza. Labda ndio maana waliweza kuondoka.

Hapa Nairobi bado unaweza kukutana na kadi ya EVGA ya mitumba, 3080 ama 3070, msee akikuapia haijawahi chimba krypto. Waranti nyingi za hizo zilikuwa za miaka 3, na 3080 ni ya 2020. Piga hesabu, kisha umwambie afungue feni uone vumbi.